Kitalu cha miti ya asili Usa River: hela ya mbegu usimtumie huyo jamaa

Mkuu, weka pembeni kwanza habari za viriba, hivyo vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Umeuliza saizi ya viriba, maji, miche gani inatoka haraka, usajili, halafu pale chini kabisa, kama vile ni kitu kidogo, ukasema umepata jamaa wa mtandaoni anauza "mbegu mseto za miti ya asili na maua ya nyuki" kwa kilo na unamtumia hela Ijumaa. Hicho cha mwisho ndicho kimeninyima usingizi. Usimtumie hata mia.

Mimi nina kitalu Kibosho, juu ya Moshi. Naotesha mringaringa, mruka, msesewe, mkondekonde, talawanda, na kivumbasi kwa ajili ya nyuki. Wateja ni watu wa kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) wanaotaka kivuli cha kahawa, na siku hizi watu wa parachichi, maana ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza kama jike, baadaye kama dume, kwa hiyo bila mdudu wa kuhamisha chavua unabaki na mti wa kupigia picha. Soko lipo, usiogope. Ila kabla sijawapata hao wateja nilimpata kwanza muuzaji wa aina ya huyo wako.

Alikuwa na pakiti safi, stika ya kijani, na jina la mti kwa Kilatini. Kilatini bwana! Mtu akikuandikia mruka kama Albizia schimperiana kwa herufi za kulala unajiona uko chuo kikuu. Nikachukua "mruka" kwa wingi na "mkondekonde" kiasi. Huo mruka uliota kwa fujo, kila kiriba kimejibu, vijani vidogovidogo vimejipanga kama inavyotakiwa. Nikampigia simu kumshukuru. Mpaka leo, katika yote, hiyo simu ndiyo inaniuma zaidi.

Masika yakafika, nikakodi pikapu, nikapeleka oda yangu ya kwanza kubwa kwa mzee mmoja mwenye kahawa. Alikuwa amelipa nusu. Shikamoo, marahaba, karibu mbege. Akashika mche mmoja, akageuza jani, akauliza, "Kijana, mruka uko wapi?" Nikamwambia ndio huo, baba. Akanyoosha kidole kwenye banda la mbuzi. Pembeni ya banda kulikuwa na miti kibao yenye majani yaleyale. "Hii ni lusina. Ninayo ya kulisha mbuzi. Mimi nilikuagiza mruka."

Lusina, wadau. Mti wa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Mimi mwenye bango la "miti yetu ya asili" nimeleta pikapu nzima ya lusina kwa mtu aliyezaliwa chini ya mruka. Yule mzee hakunifokea hata kidogo, alicheka tu, na ningelipa nyongeza anifokee. Ukitaka kujua tofauti, angalia kijani (jani dogo) kimoja cha mruka: kina umbo la kama mstatili na mshipa wake unakata kwa mshazari. Cha lusina ni chembamba na kina ncha. Sasa hivi naona hata nikiwa kwenye bodaboda. Wakati ule nilikuwa nasoma stika.

Hesabu za hasara: nikarudisha malipo ya awali, pikapu nikalipa kwenda na kurudi, samadi, viriba na kibarua vimekwenda, na masika yakapita nikiwa sina cha kuuza. Kibaya zaidi, kuna mteja mwingine alikuwa ameshapanda. Lusina inazaa maganda ingali changa na inajipanda yenyewe; IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wameiweka kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya kuliko zote duniani. Ikabidi niende kung'oa shamba la watu kwa mikono yangu, bure, na chai sikupewa. Kuna watu Kibosho bado wananiita Bwana Lusina. Nimezoea, jina la biashara halikatiwi kodi.

Na mkondekonde? Haukuota hata mmoja. Nilipompigia jamaa akasema nimemwagilia sana. Nikapiga tena, akasema nimemwagilia kidogo. Mara ya tatu nikawa nimeblokiwa. Ukweli ni kwamba mbegu ya mkondekonde ikikauka inakufa. Inatakiwa iokotwe tunda likishageuka zambarau, imenywe, ipandwe ndani ya siku chache ikiwa bado mbichi. Yeye aliikausha kokoto, akaipaki, akaniuzia maiti yenye stika. Na simwachi yule "mtaalamu" wa semina aliyetuambia mbegu zote zinakaushwa na kuhifadhiwa kama mahindi. Posho alipokea, tena na maji ya chupa alikunywa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kama hujasimama chini ya mti mama, usisie. Ukiuona mti mama unajua ni mti gani, unajua mbegu imeanguka lini, na unajua unastawi kwenye baridi na udongo wa kwenu. Mkondekonde utaujua kwa kufikicha jani, linanukia kama lozi chungu. Mruka, chuma maganda yakiwa ya kahawia kabla hayajaanguka, la sivyo wadudu wanakuwahi. Usichukue kwa mti mmoja tu kwa sababu uko karibu na choo chako. Mimi natafuta kumi au zaidi, iliyoachana mita 50 na kuendelea, ili miche isiwe ndugu watupu. Vihamba na makaburi ya ukoo vina miti mama mizuri, omba tu kwa adabu. Usiende msituni kujiokotea, ukanda wa msitu wa Kilimanjaro upo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005 na bila kibali utaokotwa wewe. Ukilazimika kununua, nunua kwa watu wa mbegu za miti wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) Morogoro, na uulize zilikusanywa wapi na lini.

Halafu kwenye picha yako nimeona chupa ya imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, karibu na kitalu. Hiyo inapanda na utomvu mpaka kwenye nekta na chavua. Ulaya walipiga marufuku kuitumia nje mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Sasa utauzaje ua la nyuki lenye sumu ya nyuki? Na huyo jamaa akikupa "ua la vipepeo" lenye rangi ya chungwa na njano, hiyo ni lantana, nayo ni ya Amerika na inaua mifugo.

Viriba sijui ulisema vya inchi ngapi, nitarudi kusoma.

Mkondekonde wa jirani yangu umeanza kuiva. Ukiweza kufika Moshi nitumie PM twende tukaokote wote. Njoo na turubai, langu mbuzi wametafuna.