Macho ya bawaba za kaulingi yanakatika, nifunge Camloc?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni Mtanzania niko huku Ohio, najenga RV-7, ndege ndogo ya kujijengea ya kampuni ya Van's, kwenye gereji ya nyumbani, huu mwaka wa 4 sasa, injini ni Lycoming O-360. Nimefika kwenye kaulingi, lile boneti la faibaglasi linalofunika injini, lina kipande cha juu na cha chini, na michoro inasema viungwe kwa bawaba ndefu aina ya piano na pini za waya zinazopita kwenye macho yake, yaani vile vipete vya ukingoni. Kuna jamaa hapa kiwanjani ana ndege kama yangu, kanionyesha bawaba yake ya chini macho matatu yamekatika, akanishauri nitupe bawaba zote nifunge Camloc, vile vifungo vya kuzungusha kwa bisibisi. Mwingine anasema nikate jicho moja niache moja ili pini ipite kirahisi kwenye mviringo wa juu. Na hizi bawaba ndefu za duka la vifaa vya ujenzi zina shida gani, maana bei yake ni nafuu sana? Nisaidie, hela ya kubahatisha sina.

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hongera, miaka 4 gereji si mchezo. Na usione ajabu kukwama hapa, mpaka sasa ulikuwa unafanya kazi na bati lililotobolewa kiwandani, tundu linakutana na tundu, leo umepewa ganda la faibaglasi halina tundu hata moja unaambiwa tafuta mstari mwenyewe. Wengi wanakaa wiki nyingi hapo.

Tuanze na hayo macho matatu. Mrudie huyo jamaa umwombe uitazame bawaba yake kwa ubavuni, pale mwisho ilipokatwa. Ukiona jicho ni bati lililokunjwa kuzunguka pini na kuna kaufa kembamba pale ukingo uliporudi kugusa bamba, hiyo ni bawaba yenye namba MS20257, wazee wanaiita AN257. Ukiona jicho na bamba ni mwili mmoja, hakuna ufa, hiyo ni MS20001, imetolewa kiwandani kwa kusukuma alumini kwenye tundu lenye umbo lake ikatoka ilivyo. Ya kukunja ni nyepesi na ni rahisi kuipindisha kufuata mviringo, lakini pale mkunjo unapoanzia ndipo ufa unapozaliwa. Nimeshika nyingi zilizokatika na zimekatika palepale kwenye shingo ya jicho.

Na kwa nini ni chini zaidi kuliko juu? Kule chini ndo hewa ya moto inatokea, bomba za egzosi ziko karibu, mdomo wa kaulingi unapigwa na upepo unacheza kila panga (propela) linapozunguka, halafu pale bawaba ni vipande vifupi viwili tu, kimoja kila upande wa mlango wa hewa. Sasa kama mistari ya pande mbili haikukaa sawasawa, macho yote hayabebi mzigo pamoja, linabeba moja, likichoka linakatika, zamu inahamia la jirani. Ndo ukaona matatu yamefuatana. Kwa hiyo chini funga MS20001, au kama bado uko kwenye kuamua, pale chini achana na bawaba kabisa uweke skrubu na nati za kuriveti, zile zinazoshikiliwa na riveti nyuma ya bati. Ni skrubu chache tu na hutazifungua kila siku.

Hilo la kukata jicho moja uache moja mi silikubali. Ukiondoa nusu ya macho yaliyobaki yanabeba mara mbili, na wewe ulikuwa unakimbia macho kukatika. Kama pini ni ngumu kwenye mviringo wa juu, tafuta waya wa stenlesi mwembamba kidogo kuliko ule uliokuja na bawaba, tofauti ya nywele tu inatosha. Chonga ncha kwa tupa iwe kama ncha ya risasi, malizia na msasa mwembamba mpaka kidole kisisikie ukwaru, paka nta ya mshumaa. Halafu mwisho wa pili ufunge kwenye drili, zungusha polepole sana huku unasukuma, pini inajitafutia njia na inalainisha macho ndani. Ikigoma simama. Usiigonge na nyundo hata kidogo, toa uangalie ni jicho lipi limepinda.

Za duka la ujenzi usiziguse. Nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa au shaba ya njano, ukikibana kwenye alumini ya ndege pakapata unyevu alumini inaanza kuliwa, na hata zile zilizoandikwa alumini hujui ni alumini gani. Bawaba ya ndege inauzwa kwa namba yake, unalipia hiyo namba.

Sasa kuifunga, na hapa naomba usome taratibu. Anza na bawaba za kwenye fayawoli, ule ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini, halafu za pembeni zinazounganisha juu na chini ziwe za mwisho, maana zenyewe zinameza makosa yote ya mwanzo. Kabla ya kutoboa weka ganda la kaulingi juu ya ngozi ya ndege, utaona faibaglasi ni nene kuliko bati, ukifunga hivyo hivyo ukingo utasimama juu kama kizingiti. Kwa hiyo unaweka kibati chembamba kati ya bawaba na ukingo wa fayawoli ili vitu viwili vikutane usawa mmoja nje, jaribu vipande tofauti mpaka ukipitisha ukucha usikwame.

Kupata matundu yaliyo nyuma ya faibaglasi watu wanapima kwa rula wanakosea. Subiri giza, weka tochi kali ndani, faibaglasi ambayo haijapakwa rangi inapitisha mwanga, utaona bawaba yote kama kivuli na kila tundu limewaka kama nyota, unatia alama kwa penseli pale pale. Toboa pini ikiwa ndani ya bawaba, pande mbili zimeshikana, ukianzia katikati kwenda nje, kila tundu la pili unaweka kleko, ile pini ya kushikilia kwa muda. Riveti ni za 3/32 ya inchi, na katikati ya tundu isikae karibu na ukingo chini ya mara mbili ya kipenyo cha riveti, yaani kama milimita 4.8. Kichwa bapa kiwe upande wa faibaglasi, upande unaofinywa uwe kwenye alumini, na finya kwa kibanio usipige, ukipiga faibaglasi inapondeka. Kabla ya kufinya paka epoksi iliyochanganywa na pamba iliyosagwa kati ya bawaba na ganda, ila ziba macho kwa nta au tepu, epoksi ikiingia humo utalia.

Kitu kimoja usisahau, injini mpya kwenye raba mpya zinazoishikilia itashuka kidogo ukianza kuruka. Acha spina, ile kofia ya mbele ya panga, iwe juu kidogo ya kaulingi sasa hivi, ikishuka vitalingana.

Kuhusu Camloc, au zile za Skybolt, ni nzuri, unafungua kaulingi kwa dakika chache na bisibisi. Lakini ni bei, zinaongeza uzito kidogo, na unaona vichwa vyake nje. Mimi kwa ndege yako ningeweka bawaba MS20001 pembeni na juu, chini skrubu. Na kabla hujafunga kabisa mwite mshauri wa ufundi wa EAA, chama cha watu wanaojijengea ndege, wa tawi la karibu, wanakuja bure, macho ya mtu wa pili yanaona unachokizoea. Ukianza masaa ya majaribio, kila ukivua kaulingi pitisha tochi kwenye kila jicho, hasa yale mawili ya mwisho.

SWALI: Fundi, mimi na mume wangu tuko Toronto, tuna ndege ya kujijengea yenye bawaba hizo. Juzi tumetua nikakuta pini ya pembeni imetoka mbele kama inchi 2. Ni hatari? — Dada msomaji

JIBU: Dada yangu, ni hatari kubwa, nashukuru mmeiona. Pini ya pembeni inaingizwa kutokea mbele, ikitoka inaelekea kwenye panga, na upande iliouacha, kaulingi inabaki haijashikwa. Msiruke mpaka mrekebishe. Kunja mwisho wa pini iwe kitanzi, kitanzi kikae ndani ya mdomo wa hewa kikishikwa na skrubu moja yenye nati ya kuriveti nyuma yake. Waya wa usalama nao unafaa lakini ukaguzi wake unasahaulika. Halafu kabla ya kila safari ingiza kidole mdomo wa kulia na wa kushoto, gusa kitanzi, kivute. Kisicheze.