Kama unaimba na mwenzako, itafute For Me and My Gal

Nimeimba kwenye bendi ya harusi miaka sita, mingi nikiwa na dada mmoja tunapokezana mashairi, na kosa letu sikuliona mpaka nilipoangalia hii muvi ya 1942, ya zamani kabisa, haina hata rangi.

Sisi tulikuwa tunashindana tu. Akipandisha sauti na mimi napandisha, mazoezi kila mtu anafanya kwake tunakuja kukutana ukumbini, basi wimbo unaishia kuwa kelele za watu wawili.

Sasa humo kuna Jo na Harry, wasanii wa vodevili, zile shoo za Marekani ambazo usiku mmoja unaona mwimbaji, mcheza dansi, mwanamazingaombwe, mbwa waliofundishwa, kila mmoja na dakika zake, kesho wanapanda treni mji mwingine. Ndoto yao ni kupanda steji ya Palace, New York. Kuna sehemu wako mgahawani, hawajawahi kuimba pamoja, kuna piano, Jo anaanza taratibu, Harry anaingia chini ya sauti yake wala hamfuniki, mara wameshainuka wanacheza. Iangalie mara mbili, ya pili usimwangalie anayeimba, mwangalie yule anayesubiri. Judy Garland (Jo) amekulia humo humo, wazazi wake walikuwa wasanii wa vodevili na yeye alipandishwa jukwaani hajafika hata miaka mitatu. Gene Kelly ndiyo muvi yake ya kwanza hii na wala huwezi kujua.

Nakuomba usiizime inapogeuka kuwa ya vita. Nafasi ya Palace imepatikana, Harry anaitwa jeshini, vita vya kwanza vya dunia hivyo, anaweka mkono kwenye sanduku la safari na kuuponda na kifuniko ili asichukuliwe. Siku hiyo hiyo Jo anapata habari kaka yake amekufa vitani. Harry alikuwa anaitaka ile steji kuliko alivyomtaka mwenzake, na hapo mimi niliumia kweli kwa sababu nilijiona.

Wiki iliyofuata nilimwomba yule dada tukae sebuleni kwao, kinanda kimoja, maiki hakuna, mmoja akiimba mwenzake ananyamaza mpaka mstari uishe. Wimbo mmoja ulitumalizia jioni nzima, na kwa mara ya kwanza nikasikia anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio.