Mume wangu kapanda daraja, dagaa wangu wananuka

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Minnesota, Marekani. Miaka sita iliyopita mimi na mume wangu tulijiunga na kundi la meditesheni, ile ya kukaa kimya na kufumba macho ili kutuliza akili. Yeye amepanda madaraja, ana beji ya ukumbi wa ndani. Mimi niko jikoni, namenya viazi vya wageni. Wenzake wakipita hawanisalimii. Sasa hataki nipike dagaa nyumbani, eti harufu inamshusha. Tena anataka akiba yetu alipie kozi inayofuata. Nifanyeje? – Wa Jikoni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye dagaa. Huyo bwana kwao alilelewa kwa nini, mawaridi?

Jina la kundi hukulitaja, wala silihitaji. Mambo haya yapo. Kule Fairfield, Iowa, jirani zenu, wafuasi wa Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa meditesheni kutoka India, walihamishia chuo chao mwaka 1974. Wakajenga kuba mbili za meditesheni, ya wanaume na ya wanawake, na bila beji huingii. Baadaye ikaja kozi ya dola milioni 1, na walioimaliza wakavikwa taji wakaitwa Raja, yaani mfalme. Kufumba macho ni kule kule. Mifuko ndiyo haikulingana.

Masimulizi ya Kibudha yanasema vijana wa ukoo wa Buddha walimwendea kutaka utawa, wakiwa na kinyozi wao, Upali. Wakaomba kinyozi apokelewe kwanza, ili wao wamwinamie na kiburi kiwatoke. Mpe mumeo kisa hicho, ila si siku ya ugomvi.

Meditesheni yake usiiingilie, huenda inamfaa. Pa kusimama ni kwenye akiba. Mwambie mapema, kabla hajasaini popote: jasho lako limo humo, na halilipii ukumbi usioruhusiwa kuingia. Akikaidi, nenda benki uulize namna ya kutenganisha fungu lako. Aibu ya nini?

Viazi navyo, jiulize. Kama kumenya kunakupa raha, endelea. Kama unamenya ili siku moja usalimiwe, weka kisu chini.

Na dagaa wakaange Jumamosi hii, ndimu na pilipili, dirisha wazi. Mtengee sahani yake mezani, kisha uone atavumilia muda gani huko chumbani.