Kwa wewe unayeanza kukusanya picha za vijana wa sepetu wa Ujerumani

Picha yangu ya kwanza ina vijana kumi na wawili mbele ya banda la mbao, kila mmoja ameweka sepetu begani kama askari anavyobeba bunduki. Muuzaji aliiita "wanajeshi, 1933". Nilimwamini. Miezi kadhaa baadaye nilinunua kioo cha kukuzia, nikasoma kibao kilichokuwa juu ya lango nyuma yao: Reichsarbeitsdienst. Jina hilo halikuwapo 1933, na wale hawakuwa wanajeshi.

Walikuwa katika utumishi wa kazi wa dola ya Wanazi, ambao wakusanyaji huuita RAD. Utumishi wa hiari wa namna hiyo ulianza 1931, wakati ukosefu wa ajira ulipokuwa mkali, nao uliendeshwa na makanisa, vyama na vikundi vya kila aina. Wanazi waliposhika madaraka 1933 wakaukusanya wote mikononi mwao, na Konstantin Hierl akawa mkuu wake. Sheria ya tarehe 26 Juni 1935 iliufanya kuwa wa lazima: kijana wa miaka 18 hadi 25 alitakiwa kutumika miezi sita. Wasichana walilazimishwa vita vilipoanza, Septemba 1939. Ikariri miaka hiyo kabla hujatoa pesa.

Sasa kanuni ambayo ningependa mtu angenipa mapema: tafuta kitu kichanga kuliko vyote ndani ya picha, kwa sababu picha haiwezi kukitangulia. Kofia kuukuu haithibitishi chochote. Mtu huvaa kofia ya miaka mingi. Ila kibao kipya, alama ya cheo iliyoanza mwaka fulani, bunduki mkononi mwa kijana wa RAD, hivyo ndivyo vinavyofunga mlango upande mmoja. Kabla ya vita walibeba sepetu zilizong'arishwa. Ukiwaona na bunduki, au kando ya mizinga ya kudungulia ndege, tafuta tarehe yako ndani ya miaka ya vita.

Wageni wengi huwachanganya na watu wa SA, wanamgambo wa chama cha Wanazi, kwa kuwa wote walivaa kahawia na kitambaa chenye swastika mkono wa kushoto. Tazama juu ya kitambaa hicho: mtu wa RAD ana nembo yenye umbo la bapa la sepetu, mara nyingi na namba za kikosi chake. Koti lake lina kola nyeusi kidogo kuliko mwili wa koti, na kwenye kofia kuna sepetu na masuke ya ngano. Usikisie tarehe kwa jinsi kitambaa kinavyoonekana cheusi au kijivu. Filamu nyingine za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, hivyo nyekundu ikatoka nyeusi.

Majira nayo husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya vita vikundi viliingia kambini Aprili na Oktoba. Picha ya kuagana yenye miti mitupu inaelekea ni ya Machi. Yenye majani, ni ya Septemba.

Kisha geuza picha. Jina la karatasi, kama Agfa Lupex, halitoshi, maana karatasi hiyo iliendelea kuuzwa baada ya vita. Tarehe iliyoandikwa kwa bolpeni iliongezwa baadaye, kwa kuwa kalamu hizo zilienea Ujerumani baada ya 1945. Simwiti mwandishi mwongo: huenda ni mjane aliyekuwa akikumbuka. Lakini kumbukumbu si muhuri wa posta. Beba pia taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Karatasi iking'aa weupe wa samawati, ina kemikali zilizoanza kutiwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950, basi ulichonacho ni nakala ya baadaye.

Jambo linaloniuma ni albamu. Wauzaji huzichana na kuuza picha mojamoja kwa sababu faida ni kubwa zaidi. Ndani ya albamu kijana yuleyule anaingia kambini, anachimba mtaro wa kukausha kinamasi, anapokea barua, halafu kurasa tatu mbele amevaa sare ya jeshi. Kambi hizo zilikuwa zikimtengeneza kwa ajili hiyo, na albamu nzima inakuonyesha hatua zake. Picha moja iliyong'olewa inakuachia tabasamu tu. Ukipata albamu kamili, hata yenye picha hafifu, inunue, na usiibandue.

Fahamu pia kwamba sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa elimu, sayansi, historia na mambo ya namna hiyo. Ndiyo sababu kwenye matangazo ya mnada utaikuta imefunikwa. Majina ya watu yaliyo nyuma ya picha usiyatangaze ovyo. Wajukuu wao wako hai.

Hifadhi kila picha ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si plastiki laini ya dukani. Tarehe iandike juu ya bahasha, kwa penseli, kabla hujaingiza picha: "kati ya 1935 na 1939", na chini yake sababu.