Barua kwa mwanangu aliye Belfast

Mwanangu,

Barua yako imefika, na huku hatujambo. Unasema umepita barabara ya Falls ukakuta Bobby Sands kachorwa ukuta mzima, ukauliza: watu walimpaje ubunge mfungwa aliyegoma kula, na bungeni hafiki?

Mpaka 1976 wafungwa wa IRA, kundi la bunduki lililotaka Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, walikuwa na hadhi ya pekee, karibu na ya mateka wa vita. Serikali ya Uingereza ikaifuta: wavae sare, wafanye kazi za jela, kama wezi wa kuku. Wakazikataa sare, wakawa wanajifunika blanketi tu, miaka nenda miaka rudi. Tarehe 1 Machi 1981 Sands, mwenye kifungo cha miaka 14 kwa kosa la silaha, akaanza kukataa chakula katika gereza la Maze. Siku nne baadaye mbunge wa Fermanagh na South Tyrone, jimbo la huko Ireland Kaskazini, Frank Maguire, akafariki ghafla. Kiti kikawa wazi bila mtu kukipangia.

Sheria ya wakati ule haikumzuia Sands kugombea. Chama cha SDLP, cha Wakatoliki wasiotaka bunduki, hakikusimamisha mtu, na nduguye marehemu akajitoa dakika za mwisho. Wakabaki wawili: Sands, na Harry West wa upande unaotaka kubaki chini ya Uingereza. Wakatoliki wengi wa kule walitaka kuungana na Ireland. Sasa mfikirie Mkatoliki asiyetaka hata kusikia habari za bunduki (nami ningekuwa mmoja wao). Kwenye karatasi ana majina mawili, na mmoja yuko kitandani anakata roho. Wengi waliamini Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, hatathubutu kumwacha mbunge afe njaa. Walimpa kura ili aishi. Tarehe 9 Aprili akapata zaidi ya 30,400; West 29,046.

Thatcher hakulegea. Sands alikufa tarehe 5 Mei, siku ya 66 ya mgomo, ana miaka 27. Wenzake tisa wakamfuata. Bunge likabadili sheria haraka, mfungwa wa zaidi ya mwaka mmoja asigombee tena. Kama kura zile zilikuwa za upuuzi, haraka ile ya nini? Agosti jimbo likamchagua Owen Carron, wakala wa Sands kwenye uchaguzi.

Ila Fermanagh hiyohiyo kuna familia zilizozika watu wao kwa risasi za IRA, na kwao kura zile zilikuwa tusi. Kwa hiyo usilizungumze jambo hili na mwenye nyumba wako kabla hujajua kakulia mtaa gani.

Baba yako