Maswali ya Wasomaji: Chaji Inaishia Wapi?

SWALI: Gari langu la umeme likijaa chaji, dashibodi huandika kilomita 400. Nikisafiri kwa mwendo wa 120 haliwahi kufika hata 300. Je, betri imechoka?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Namba hiyo ni makadirio. Kompyuta huangalia ulivyoendesha karibuni. Kama ulikuwa ukizunguka mjini polepole, hudhani utaendelea vivyo hivyo. Kwenye barabara kuu mlaji mkubwa ni hewa. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 umeme wa kupasua hewa katika kila kilomita huongezeka kwa karibu asilimia 78. Ukinzani wa tairi haupandi namna hiyo, ndiyo maana jumla hupanda chini ya hapo: gari lililokuwa likila kilowati-saa 15 kwa kilomita 100 linaweza kufika 21 bila kuwa na ubovu wowote. Kwa betri ya kilowati-saa 60, hizo ni kilomita 400 dhidi ya 285 hivi.

Punguza hadi 100. Safari ya kilomita 200 itaongezeka dakika 20, na kama umeepuka kusimama kuchaji, umewahi kufika.

Ukitaka kuipima betri yenyewe, chagua siku isiyo na baridi, jaza hadi asilimia 100, sifurisha kipima safari, kisha endesha hadi ibaki 20 bila kukaa muda mrefu umeegesha na kiyoyozi kikiwaka. Gawanya kilowati-saa zilizotumika kwa 0.8, ulinganishe na ujazo unaotumika ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Tofauti ndogo isikutishe, kwa kuwa kipimo hiki ni cha kukadiria.

SWALI: Breki ya kurudisha chaji niiweke juu kabisa wakati wote?

JIBU: Breki hii, ambayo mota hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri unapolegeza mguu, wengi huitegemea kupita uwezo wake. Gari la kilo 1,800 likiwa kwenye mwendo wa 100 limebeba nishati ya kilowati-saa 0.19 tu, sawa na kilomita moja hivi ya safari. Hata hiyo hairudi yote: sehemu hupotea kama joto kwenye mota na betri, na sehemu nyingine hupotea tena unapoitumia kuondoka. Kusimama na kuondoka daima ni hasara. Bora uangalie mbali, uone taa nyekundu mapema na kulegeza mguu, gari lijiendee lenyewe. Ukiwa umeiweka breki hiyo juu, usiondoe mguu wote ghafla. Tafuta pale mshale wa nguvu unapokaa kwenye sifuri. Usiweke gia huru, maana hapo hakuna kinachorudi kwenye betri.

Kwenye mteremko mrefu ndipo inapolipa. Kushuka mita 500 kwa gari hilo ni takriban kilowati-saa 2.4, nyingine zikiliwa na hewa na tairi na nyingine zikirudi. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuziweka, kwa hiyo breki hiyo hudhoofika na mzigo wote huangukia breki za kawaida, ambazo hupata moto. Unayeanza safari juu mlimani, chaji hadi 80 au 85, usizidi. Betri yenye baridi kali nayo hupokea kidogo.

SWALI: Nifungue madirisha au niwashe kiyoyozi?

JIBU: Kiyoyozi hula kwa saa, hakihesabu kilomita. Kikitumia kilowati 1, ukiwa kwenye foleni ya kilomita 20 kwa saa kinaongeza kilowati-saa 5 kwa kila kilomita 100; kwa mwendo wa 100 kinaongeza 1 tu. Basi mjini fungua madirisha, na kwenye mwendo mkubwa yafunge uwashe kiyoyozi. Poza gari likiwa bado kwenye chaja, ili kazi kubwa ya mwanzo ilipiwe na umeme wa ukutani. Penye baridi, hita ya kiti hutumia wati chache mno ukilinganisha na kupasha hewa yote ya ndani.

SWALI: Upepo wa tairi una maana yoyote?

JIBU: Sana. Pima tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, na rudia kila mwezi. Na kwa kuwa hewa ndiyo mlaji mkubwa, keria ya juu ya paa isiyo na mzigo iondoe.