Unataka kuishi kwa flamenco ng'ambo? Anza na makofi

Wiki hii nimeulizwa tena, na binti mmoja wa kwetu Mombasa, ati afanye nini naye aishi kwa kucheza flamenco, ile ngoma ya Wahispania ya kugonga miguu, huku Ulaya. Nilicheka kwanza, maana watu wanaona lile gauni na viatu, hawaoni kwamba kodi yangu hapa Hamburg inalipwa na madarasa ya Jumanne na Alhamisi jioni, kina mama wanaotoka kazini wamechoka, wengine wameshavuka miaka 60. Jukwaa ni la wikendi, tena si kila wikendi.

Sasa mwanangu, achana na miguu kwanza. Mie nilienda Sevilla, kule Hispania, na kiburi cha chakacha, mtoto wa pwani atafundishwa nini kuhusu mdundo, kumbe soleá, mtindo mmoja wa flamenco wa polepole, ni hesabu ya 12 na mkazo unaangukia 3, 6, 8, 10 na 12, yaani inaanza kutembea tatu tatu alafu inageuka mbili mbili, na bulerías, mtindo mwingine, ni mzunguko huohuo ila unakimbia na wengi wanauanzia kwenye 12. Mwalimu alinikalisha kitini mwezi mzima napiga makofi tu, viganja nimevikunja kama kikombe ili sauti itoke nzito isimfunike mwimbaji. Nililia wallahi. Nimelipa pesa zangu kuja kucheza, nakalishwa!

Nilikuja kumwelewa Ujerumani. Kwenye tablao, yaani ukumbi wa shoo za flamenco, mara nyingi hakuna mazoezi, mnaambiana dakika chache kabla ya shoo, beti mbili, miguu, tunamalizia na bulerías, basi. Mie nimekariri dansi yangu kama shairi la mtihani, mwimbaji akarefusha ubeti, nikaendelea kugonga miguu juu ya sauti yake, mpiga gitaa akabaki kunitazama. Yule mzee wa gitaa hata hakunigombeza. Baada ya shoo alichukua sahani yake akaenda kula meza nyingine.

Mcheza flamenco anamjibu mwimbaji, na wimbo usioweza kuupigia makofi umekaa, kuucheza umesimama utaweza wapi?

Kufundisha nako nilianza vibaya. Wanafunzi wanapenda dansi nzima wairekodi kwa simu, nami nikawa nawatungia, baada ya miaka miwili tuna dansi nne na hakuna anayejua kuita, ile llamada ya kumwambia mwimbaji haya ingia. Siku hizi nusu saa ya kwanza ni makofi na nikitunga natunga vipande vifupi wanavyoweza kuvipanga upya. Wanafunzi wawili wamenihama, sawa tu.

Na nunua plaiwudi zako za kutandika sakafuni uchezee juu yake! Viatu vyetu vina misumari midogo mbele na kwenye kisigino, mwenye ukumbi akiona mikwaruzo ndo kwaheri, mie nilishatolewa mahali hivyohivyo. Na usikubali kuchezea kwenye simiti hata wakikulipa vizuri, magoti hayauzwi dukani.

Weka akiba ya tamasha la flamenco la Jerez, Hispania, huwa mwisho wa Februari kuingia Machi, kuna kozi na walimu wakubwa, ukakae nyuma kama mwanafunzi hata kama kwenu unaitwa mwalimu.

Binti, kama bado unataka, nitumie voisi ukipiga soleá kwa mikono. Dakika tatu, bila gitaa.